Soli ya Mama Sheria

Nina hasira, na anayetaka kuniambia kwamba hasira hasara aishike hekima yake kwanza mpaka nimalize.

Kazi yangu ni ufundi wa viatu. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, hatua kumi kutoka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, ile mistari myeupe tunayoiita pundamilia. Kila mteja wangu ana alama yake. Naichonga kwa ncha ya kisu chini ya kisigino, viatu visije vikachanganyikana. Ya dada yangu ni mikato mitatu na mmoja unaoipita katikati.

Mistari ile ilikuwa imefutika miaka. Tuliomba ipakwe upya hadi tukachoka kuomba. Jumatatu moja, alfajiri, wapaka rangi wa manispaa wakaja mbiombio kwa sababu mkubwa fulani alikuwa apite mchana. Walipaka, wakapanda gari lao, wakaenda zao. Hawakuweka hata kizuizi kimoja, na rangi bado mbichi.

Saa mbili asubuhi dada yangu akagongwa hapo hapo.

Dada ni mfanya usafi kwenye zahanati, na mtaa mzima unamwita Mama Sheria. Wenzake huvuka popote wanapoona upenyo. Yeye huzunguka mpaka kwenye mistari, hata enzi zile ilipokuwa haionekani, akasimama, akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Wanamcheka. Hata mimi, yeye ndiye aliyenifundisha kuvuka nilipokuwa mdogo, akinibana kifundo cha mkono mpaka kinauma.

Na mimi ninayewajua watu kwa miguu yao kuliko kwa nyuso zao, siku hiyo sikuona kitu. Nilikuwa nimeinama napaka gundi. Nikasikia breki, kisha kishindo. Nilipoinua kichwa, dada alikuwa amelala hatua sita mbele ya mistari, na kiatu chake kimoja kimefika mlangoni kwangu. Mwenye gari akashuka, akaenda moja kwa moja kukagua taa yake ya mbele. Taa! Bahati yake nilikuwa nimeshika brashi, sikuwa nimeshika nyundo.

Nyonga ilivunjika. Nilipotoka hospitali nilipewa viatu vyake kwenye mfuko, nami sikujua niifanyie nini mikono yangu. Basi nikavitengeneza. Soli zilikuwa zimebanduka. Nikazing'oa zote mbili, nikazitupa kwenye gunia la mabaki, nikabandika mpya na kuzishona pembeni kwa uzi wa mara mbili. Nilitaka siku atakayosimama avikute vinamngoja. Nikajiona ndugu mwema.

Jumatano akaja Trafiki, yule aliyeshika jalada la ajali. Kisigino cha buti lake la kushoto kilikuwa kimelika upande. Nikachomoa kipande cha raba kwenye lile gunia la mabaki, nikakata, nikabandika, na sikumtoza hata senti. Nilidhani fadhila ile itamsaidia dada. Alhamisi nikamwaga gunia jalalani.

Ijumaa nikaitwa kituoni. Trafiki alikuwa nyuma ya meza yake, na kwenye meza ya pili alikaa askari wa kike anayeandika kumbukumbu.

"Fundi," Trafiki akaanza, "mwenye gari anasema dada yako alivukia mbele ya mistari, pale pale alipoangukia. Akivuka nje ya mistari kosa ni lake. Sheria ndiyo hiyo. Nafunga jalada leo, na akipona atajibu shtaka la kuvuka pasiporuhusiwa."

"Ashtakiwe yeye? Aliyelala na chuma kwenye nyonga?"

"Fundi, wahenga walisema mwenye nguvu mpishe."

Damu ikanichemka. Mwenye nguvu mpishe ni maneno ya kumtuliza mtoto asiende kupigana na jirani. Tangu lini yamekuwa sheria ya barabarani? Kama ni hivyo mistari ya nini, na filimbi aliyoning'iniza kifuani ya nini?

"Afande, gari ndilo lililomrusha mbele. Dada yangu hajavuka nje ya mistari maisha yake yote. Muulize mtu yeyote mtaani."

"Mtaa hauandikwi kwenye jalada. Sikiliza." Akafungua karatasi, akanisomea mwandiko wake mwenyewe: rangi ya kivuko ilikuwa mbichi wakati wa ajali, na kufikia saa sita mchana ilikuwa imekauka kabisa. "Kama alikanyaga pale, soli zake zina rangi. Niletee viatu."

Nilikuwa navyo! Nilikusudia kumpelekea dada baada ya pale. Nikavitoa mfukoni kwa fahari, nikaviweka mezani. Trafiki akavigeuza, akapitisha kidole.

"Hivi havijakanyaga hata vumbi," akasema.

Soli mpya, nyeusi, safi, kazi ya mikono yangu. Ule weupe nilikuwa nimeuona nilipokuwa nang'oa soli. Nikadhani ni chokaa, maana viatu huniletea kila uchafu wa mji huu. Nilimpotezea dada ushahidi wake kwa kisu changu mwenyewe, halafu nikaushonea uzi wa mara mbili. Nilitamani kujitandika makofi mbele yao.

Trafiki alishaona kazi imekwisha. Akajinyoosha, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, akaanza kutafuta muhuri.

Mimi ni fundi viatu. Mguu ukiinuka mbele yangu, lazima niangalie chini yake. Kisigino cha kushoto, raba ya kahawia ya mawimbi, na ndani ya mawimbi weupe umeganda. Pembeni, mikato mitatu na mmoja unaoipita katikati.

"Vua buti," nikasema.

"Unasemaje?"

"Vua buti la kushoto, Afande! Umekanyaga ushahidi wa dada yangu tangu juzi!"

Akasimama, mkono kwenye mkanda. Akasema nimerukwa na akili, kwamba ile rangi ameikanyaga mwenyewe, yeye ni mtu wa barabarani. Nikamuuliza ameikanyaga lini. Kisigino nilikibandika Jumatano, na rangi ilikauka Jumatatu mchana. Nani aliyeandika hivyo? Nikamwambia pia alama ile ni ya nani, na kwamba atume mtu akakague viatu vya mtaa mzima kama ataipata kwa mwingine.

Askari wa kike akaweka kalamu chini, akaja akapiga magoti kuangalia.

"Afande," akasema, "rangi iko chini kabisa kwenye mifereji. Na alama ipo. Lazima niandike."

Trafiki akaangalia mlango, akaangalia karatasi yenye mwandiko wake, kisha akakaa na kufungua kamba. Soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Askari wa kike akaandika kwa sauti: "Kizibiti. Buti moja, la kushoto." Jalada halikufungwa siku hiyo, na mwenye gari akaitwa.

Nikabeba viatu vya dada, nikakimbia hospitali, ng'ambo ya barabara. Nikamsimulia yote, hadi tundu la soksi. Nilitegemea atacheka, au atalia. Akaniangalia ninavyohema.

"Umekuja mbio," akasema. "Umevukia wapi?"

Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimekatiza katikati ya magari.

"Mdogo wangu." Sauti ilikuwa ya chini, lakini hasira yake iliizidi yangu. "Nimevunjwa nyonga ndani ya mistari, nikaitwa mwongo. Na wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, unavuka popote. Toka. Kavuke upya."

"Dada, nina miaka hamsini."

"Toka!"

Nikatoka. Nikaenda hadi kwenye kivuko cha langoni, nikasimama ukingoni, nikatazama kulia, kushoto, kulia. Hakuna aliyesimama. Likapita gari la kwanza, la pili, la tano, na la sita likanipigia honi eti nimesogea. Kifundo cha mkono kikaanza kuniuma pale pale alipozoea kunibana.

Nikakanyaga mstari wa kwanza. Lori likafunga breki hatua moja kutoka gotini kwangu, na dereva akatoa kichwa dirishani akanitukania mama. Mama huyo ni wa dada pia. Sikumjibu. Nikavuka polepole, mstari baada ya mstari, na yeye akangoja.