Mistari Sita ya Mwisho

Siku grinihausi ya Mama Weldon ilipovishwa nailoni, chakula kilinishinda. Sitaficha. Chelangat, ndiye Mama Weldon, ni jirani yangu wa miaka kumi na saba, kanisani tunaimba sauti moja, na bado nilimwonea wivu mpaka kifua kikaniuma. Lile jumba lake jeupe lilionekana tangu barabarani. Wateja waliokuwa wakiingia kwangu kununua nyanya sasa walipita lango langu wakinipungia mkono, vikapu vikielekea kwake. Nyanya zangu zilinyeshewa kila alasiri na kuoza kabla ya kuiva. Zake zilining'inia kwenye kamba, kavu na nyekundu, kana kwamba mvua ya Kericho haizijui.

Nikaamua nami nitajenga, tena kubwa kuliko yake.

Mume wangu, Ogari, anafanya kazi kiwandani mjini na huja nyumbani Jumamosi. Nilimbembeleza majuma mawili. Mahali pa pekee palipo tambarare kwetu pana chai, kwa hiyo ilibidi ing'olewe.

"Toa mistari ishirini na miwili," akasema hatimaye. "Lakini ile sita ya mwisho usiguse, Mama Sagini. Hiyo usiguse kabisa."

Mistari hiyo aliipanda mwenyewe mwaka tulipooana, kwa miche aliyoibeba mgongoni. Nikaahidi.

Ishirini na miwili niliitaja mimi. Nilikuwa nimemuuliza Chelangat grinihausi yake ilichukua nafasi gani, akanijibu, "Ni mistari ishirini tu ya chai." Huku kwetu tunapima hivyo: nyumba, choo, hata kaburi. Yangu ingempita kwa miwili.

Fundi Arasa, aliyemjengea Chelangat, alikuja na maswali yake. Mbao au mabomba ya chuma? Mabomba, mbao huoza. Madirisha ya pembeni yenye neti? Ndiyo, kama ya Mama Weldon. Nailoni nzito? Nzito kuliko ya Mama Weldon.

"Wacha nipime shamba," akasema.

"Ya nini? Si ulijenga ile yake? Chukua hiyo hiyo, ongeza mistari miwili."

Akacheka, akaenda kukata mabomba.

Alhamisi yakaletwa. Tulisimamisha matao moja baada ya jingine, na tulipofika ukingoni mwa chai ya Ogari, matao manne yalikuwa bado yamelala nyasini. Nyuma yetu, tulikoanzia, kulikuwa na mteremko wa kwenda mtoni. Arasa akatoa futi yake, akapima, akajikuna kichwa.

"Mama Sagini, chai ya Mama Weldon ni ile ya mbegu, ya wazee. Mstari hadi mstari ni futi tano. Hii yako ni ya kisasa, ni futi nne. Nimekukatia mabomba ya futi mia moja na kumi, na hapa umetoa themanini na nane tu."

"Sasa?"

"Sasa tuache haya manne. Themanini na nane ni kubwa, mama. Utachoka kumwagilia."

"Ya Mama Weldon ni futi ngapi?"

"Mia moja."

"Hapana," nikasema. "Haiwezekani."

Nilichukua jembe na panga mimi mwenyewe. Mzizi wa chai una kichwa kigumu, lakini siku hiyo changu kilikuwa kigumu zaidi. Nilijiambia Ogari akiona nyanya atasahau, na nilijua ninajidanganya. Ijumaa jioni mistari yote sita ilikuwa rundo la kuni nyuma ya jikoni.

Nailoni huvutwa asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, nayo hutaka mikono mingi. Jumamosi akina mama wa kanisa walifika, Chelangat akiwa wa kwanza, kitambaa amekikaza kichwani.

"Fuateni mimi! Kaza hapo! Kaza!" alipaza sauti, akivuta kuliko mtu yeyote kule upande wa mtoni, mbali na palipokuwa na chai ya Ogari.

Nami nilikuwa namtazama anavyoutupia macho ule urefu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Tulikuwa tunafukia kingo za nailoni mtaroni Ogari alipoingia langoni. Hakusalimia. Alipita ndani ya grinihausi polepole hadi mwisho, akasimama pale.

Chelangat alijipangusa mikono kwenye leso, akanisogelea.

"Mama Sagini, nikuambie ukweli. Mimi nilitoa chai yangu kwa vile ilikuwa imezeeka, haitoi majani tena. Kila siku nikipita hapa naangalia yako, naona wivu mpaka najionea aibu. Nimekuwa nikitaka kukuomba vijiti nipande. Ile tu ya mwisho, ya Baba Sagini. Niliogopa utaninyima."

Ogari alikuwa amegeuka na kurudi hadi tuliposimama, na alisikia. Alizungumza kwa ile sauti ya chini anayotumia na watu asiowafahamu, na kwa mara ya kwanza tangu Sagini azaliwe akaniita kwa jina langu.

"Mpe, Nyanchoka. Si amekuomba vizuri?"

Chelangat alikuwa bado anatabasamu, akingoja nimjibu.