Ngamia wa Chumba cha Pasi

Ulimwona, ukageuza uso. Usijitetee kwamba ulikuwa na kazi mkononi. Nani hakuwa na kazi mkononi? Ulimwona ameshika kiuno kando ya meza ya pasi, uso umemvimba kama aliyeamkia kilio, nawe ukainamia mshono wako kana kwamba uzi umekatika. Haukuwa umekatika.

Kiwandani walimwita Ngamia, na jina hilo alilivaa kwa maringo. Chumba cha pasi ni tanuri: mvuke unapanda kutoka kwenye mashati, mabati yanaurudisha chini, na wapiga pasi wanalowa jasho mpaka nguo zinagandana na migongo. Ufunguo wa choo, uliofungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama kandambili, ulining'inia shingoni mwa msimamizi. Mwenye haja aliuomba mbele za watu, na msimamizi hakukosa la kusema. "Tena? Umemeza bomba?" Wanawake wa pasi, ili kukwepa aibu, wakaacha kunywa maji. Halafu wakaigeuza aibu kuwa mchezo: nani atamaliza zamu bila kuomba ubao? Ngamia hakuwahi kushindwa.

Wasahaulifu wanadhani kufuli lile lilizaliwa pamoja na mlango. Wapi! Choo kilikuwa wazi, na humo ndimo washonaji walimonong'onezana kuhusu zamu za ziada. Minong'ono ilipofika ofisini, kufuli likaja, likapewa jina la usafi.

Ngamia kwanza kilimuuma kiuno. Akawa anameza vidonge vya maumivu kila siku, kama peremende. Mkojo ukaanza kuchoma, rangi yake kama chai iliyokolea. Kikafuata kichwa. Miguu ikajaa mpaka viatu vikamkataa, na ngazi za nyumbani zikawa zinamkata pumzi. Kila kimoja alikipa sababu yake: kiuno ni kusimama, mkojo ni vidonge, kichwa ni joto, miguu ni umri, pumzi ni vumbi la pamba. Mdogo wake, mshonaji wa kola katika jengo hilohilo, ndiye aliyechoka kumsikiliza.

"Dada, una magonjwa matano, au ni mmoja wenye miguu mitano?"

"Ushakuwa daktari wa kola wewe," Ngamia akamjibu, lakini alipoburutwa hospitalini hakukataa sana.

Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, alimpima mkojo, damu na presha, kisha akamwuliza huwa anakunywa maji kiasi gani akiwa kazini. Ngamia akajibu kwa fahari kwamba hanywi kabisa. Daktari akaweka kalamu chini.

Akamweleza taratibu. Ngozi hutoa jasho ili mwili upoe, na jasho hilo ni maji yaliyotoka kwenye damu. Damu ikipungukiwa maji, moyo huenda mbio, na ubongo huziamuru figo zibane kila tone. Figo hutii. Zikikaushwa siku moja, zitapona. Zikikaushwa mwaka baada ya mwaka, huku mkojo uliozuiwa ukilea vijidudu vinavyopanda juu, huku vidonge vya maumivu vikizibania damu yao, huanza kufa kimyakimya. Tena hazifi peke yao. Chumvi na maji hubaki mwilini, miguu ikavimba, presha ikapanda, moyo ukasukuma mzigo usio wake. Hizohizo figo ndizo zinazoupa uboho wa mifupa ishara ya kutengeneza damu. Ishara ikififia, damu hupungua, na mapafu yahangaike vipi, hewa haina cha kuibeba.

"Kwa hiyo figo zangu zimekwisha?"

"Bado. Zilizobaki zitakutosha ukizitunza. Ukiendelea hivi, mama, utaishi umefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu."

Akamwandikia dawa, akamkataza vile vidonge, akampa kipimo cha maji ya kunywa, na akamwambia akibanwa aende.

"Kwenda ndiko kugumu," Ngamia akasema.

Alirudi kazini na chupa. Kabla ya mapumziko akaomba ufunguo. Msimamizi aliushika ubao kifuani, akautazama mstari mzima kabla ya kumtazama yeye.

"Hata Ngamia? Basi jangwani kumefurika."

Watu wakacheka. Nawe ulicheka. Akaambiwa angoje mapumziko, mzigo unaondoka leo.

Ngamia hakubishana. Alizima pasi, akaketi juu ya lundo la mashati, jambo ambalo chumba kile hakikuwahi kuliona. Mwanzoni halikutokea lolote. Halafu mashati kutoka kwa washonaji yakajaa meza, yakajaa makapu, yakaanza kumwagika sakafuni. Upande wa pili wapakiaji walikaa na maboksi matupu, na dereva wa lori akaingia kuuliza kulikoni. Mdogo wake naye akazima cherehani. Msimamizi akaivua kamba ya ufunguo shingoni, akampa Ngamia.

Ngamia alipotoka chooni hakumrudishia. Kando ya mlango kulikuwa na msumari wenye kutu, wa tangu enzi za choo wazi. Akautundika ufunguo pale. Siku nzima watu walikwenda na kurudi, na mashati yalipakiwa.

Asubuhi iliyofuata ufunguo ulikuwa umerudi shingoni.

Ngamia ana figo za kuzima pasi mara moja. Hana za kuizima kila siku akiwa na mdogo wake tu. Chupa yake iko mezani, imejaa mpaka shingoni. Hajaigusa, maana akinywa ataomba, na akiomba mtacheka. Msumari uko palepale. Usingoje mkutano, usingoje mwisho wa mwezi. Zima cherehani yako sasa hivi, inuka, ukaudai ufunguo ule, na usiketi mpaka umeuona umening'inia ukutani.