Kijiji cha Kivulini

Wifi yangu, mwalimu mstaafu anayejua kila kitu, alinijazia shamba watu kumi wa kujitolea, eti watafute mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Walitakiwa watembee kwa mstari, macho chini, na kuchomeka kibendera kila walipookota jiwe. Jua lilipochoma, mabingwa wote wakajibanza chini ya miti ya mpakani wakipiga soga, na huko ndiko vibendera vyote vilikochomekwa. Wifi akavitazama, kichwa kikamvimba.

"Umeona? Kijiji chao chote kilikuwa hapa, chini ya miti hii!"

"Wifi," nikamwambia, "miti hii niliipanda mimi, mwaka ule uliposusia harusi yetu."