Gome Kali

Kwa miaka mingi Mahmud aliujua msitu kwa pua tu. Ulimfikia ndani ya magunia, katika duka lake nyuma ya soko la Migori: ukwaju uliokandwa mabonge, asali ya nyuki wadogo katika chupa za maji, mizizi iliyofungwa kwa kamba za katani. Zaidi ya vyote lilikuwapo gome kali, lile ambalo ukilitafuna linauchoma ulimi kama pilipili na kukifungua kifua. Wateja walilisaga wakalitia katika chai. Mahmud mwenyewe hakulitumia. Alilipenda kama mfanyabiashara anavyoipenda bidhaa isiyooza.

Aliyemletea gome hilo alikuwa Nyakerario, mwanamke wa makamo aliyehama Kisii na mumewe, wakalima kwenye miteremko iliyo juu ya bonde la Lambwe. Mume alifariki, yeye akabaki. Alikuwa Msabato, na Jumamosi hakugusa panga. Jumapili alipanda msituni. Katikati ya juma alishuka Migori na mzigo wake, akanywa chai ya Ruqia, mke wa Mahmud, akaaga. Miaka yote hiyo hapakuwa na maneno mengi kati yao.

Kisha Mahmud akapatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia atembee, tena mwendo wa kutoa jasho. Alijaribu mjini. Kila alipofika kona mtu alimshika mkono kumuuliza habari za mzigo mpya, na pikipiki zilimpigia honi kana kwamba yeye ndiye aliyepotea njia. Alirudi nyumbani amechoshwa na salamu kuliko miguu.

"Baba Fardowsa, nenda mahali wasipokujua," Ruqia akamwambia.

Ndipo alipomuuliza Nyakerario, siku aliyoleta mzigo, kama angeweza kumpeleka huko anakochuma.

"Kufanya nini, mzee?"

"Kutembea tu."

"Utembee, halafu?"

"Halafu nirudi."

Nyakerario alikiweka kikombe chini, akamtazama kama mtu anayesubiri sehemu iliyobaki ya maneno. Haikuja. "Sawa," akasema. "Njoo Jumapili. Lakini hivyo viatu uviache huku."

Jumapili ya kwanza Mahmud alipumzika mara nyingi kuliko alivyotembea. Ya pili alisikia ndege. Kufikia ya nne alikuwa ameshajua mahali hondohondo walipopiga kelele, na mahali ambapo hewa hubadilika ghafla, ikawa baridi na yenye harufu ya majani yanayooza taratibu. Mwisho wa njia ulikuwa mwamba mpana ulio wazi, na chini yake bonde lote limelala, na nyuma ya bonde ziwa, jeupe kwa mbali. Alitandaza koti lake juu ya mwamba, akaswali adhuhuri, kisha akaketi bila kufanya chochote. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoketi hivyo. Dukani hata kupumzika kwake kulikuwa na jicho moja mlangoni.

Jambo lililomshangaza ni kwamba hapakuwa na kitu cha kushuka nacho. Alichokifuata kilibaki kule kule juu, na juma zima alikitamani.

Nyakerario hakuwahi kufika naye mwambani. Njia ilipogawanyika alimwonyesha upande wa kulia. "Wewe shika huu mpaka juu. Mimi kazi yangu iko huku." Mahmud alidhani ni adabu ya mwanamke asiyetaka kuonekana akifuatana na mume wa mtu msituni. Alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Ilikuwa Jumapili moja baada ya mvua kubwa ndipo alipoikuta njia ya kulia imefungwa na mti ulioanguka. Akashika ya kushoto. Hakwenda mbali kabla ya kuisikia harufu ya duka lake, kali, safi, ikitoka mahali asipopaona. Aliifuata karibu kwa furaha.

Mteremko ule ulikuwa na mwanga mwingi mno kwa msitu. Miti mingi ilikuwa imesimama bila jani. Kila mmoja ulikuwa umemenywa kuzunguka shina lote, kutoka kimo cha goti hadi pale mkono wa mtu unapofika, na shina lililobaki li uchi, la rangi ya mfupa. Mingine ilikuwa ya zamani na ukungu umeiotea. Mingine ilikuwa bado inatoa maji. Mahmud aliweka kiganja juu ya shina mojawapo, akakiondoa haraka, kama mtu aliyegusa mwili wa mgonjwa bila kuombwa.

Nyakerario alitokea nyuma yake na gunia begani. Hakushtuka, wala hakulishusha.

"Njia ya kulia imezibwa," Mahmud akasema, kana kwamba yeye ndiye aliyetakiwa kujieleza.

"Nimeona."

"Yote haya ni sisi?"

"Ni mimi," alisema Nyakerario. "Na wewe."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulifikiri linatoka wapi, mzee? Zamani nilikuwa nakata upande mmoja, naacha mti upone. Halafu ukaja ule ugonjwa wa korona, kila mtu anataka gome, ukaniambia ongeza. Nikaongeza. Ukasema tena ongeza. Kibali changu ni cha kuni zilizoanguka na nyasi ya ng'ombe. Gome sina ruhusa nalo hata la kiganja. Umewahi kuniuliza?"

 Maneno yaliyomjia Mahmud yalikuwa ya dukani. "Basi sitanunua tena."

Nyakerario alicheka kidogo, bila furaha. "Umekuja kupunga upepo mara tano, sita, umeupenda, sasa unaniachisha kazi. Homa Bay wako wanaolitaka. Wewe ukiacha, mimi nitapanda gari la Homa Bay." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Shamba langu ni mawe. Unalijua? Hulijui. Unapita hapo kila Jumapili."

Alishuka bila kumsubiri. Mahmud alibaki miongoni mwa ile miti, akaona aibu, na chini ya aibu hiyo hasira, maana mahali pake pa kupumzikia palikuwa pameharibika, na hakuwa na wa kumlaumu ambaye hakuwa yeye mwenyewe.

Hakupanda tena kwa wiki kadhaa. Dukani alijaribu kuuza majani ya mti ule, ambayo yana ukali ule ule, na huchumwa bila kuudhuru mti. Alimwagiza dereva wa gari la mizigo ampelekee Nyakerario habari hiyo: alete majani, atanunua yote. Nyakerario alileta mara moja, akayaacha mlangoni, chai hakuinywa. Wateja waliyanusa wakayarudisha mezani.

"Majani hata mbuzi anakula," alisema Bichage, fundi wa kujenga ambaye saruji ilikuwa imekiharibu kifua chake, na ambaye kwa miaka mingi hakunywa chai isiyo na gome. "Nipe ile dawa yenyewe, Mahmud. Usiku silali. Ninakaa kitandani nimeshika ukuta."

Nyuma ya duka lilibaki gunia moja. Mahmud alikwenda, akamfungia Bichage gome katika gazeti, na juu yake akamwekea majani. Bichage aliondoka akikohoa. Ruqia, aliyekuwa akipanga chupa za asali, aliyaona yote.

"Ukiacha kutembea, na wewe utashika ukuta," akamwambia. "Jumapili unaenda. Mambo yako na yule mama mtayamaliza huko huko."

Alienda. Nyumba ya Nyakerario ilikuwa imefungwa. Mti uliozuia njia ya kulia ulikuwa umeshakatwa na kuondolewa, lakini alipofika hapo alisikia panga likifanya kazi upande wa kushoto, pigo, kimya, pigo. Aliijua ile sauti ni ya nani. Alisimama hata pumzi yake ikatulia. Kisha akaenda kushoto.

Nyakerario alikuwa amepiga magoti mbele ya mti mnene, amempa mgongo. Alikuwa akimenya upande wa jua kuchwa tu. Upande wa pili gome lilikuwa zima. Gunia halijafika nusu.

"Huyu mnunuzi wa Homa Bay atalalamika," alisema bila kugeuka.

"Atalalamika."

"Na majani yako hayanunuliki."

"Bichage amerudi kuyaomba. Nilimwekea juu ya gome, akayachanganya yote. Ni yeye tu, mpaka sasa."

Panga lilisimama. Nyakerario alilipangusa kwenye nyasi, mbele na nyuma, akautazama mti uliofuata, mwembamba, ambao haujawahi kuguswa. Aliutazama kwa muda mrefu. 

"Huko juu unakoenda kila mara," akauliza hatimaye. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu?"

"Kuna mwamba. Na upepo."

Nyakerario aliinuka, akajikung'uta magoti. "Nionyeshe."

Alilibeba gunia lake, kwa kuwa hakuna anayeacha gunia porini, nalo panga akalishika mkononi. Walipanda wameachana hatua kadhaa, Mahmud mbele, akihema, na mara mbili Nyakerario alimwambia apunguze mwendo, asije akaanguka akamtia lawamani kwa mkewe.

Mwambani upepo ulikuwa mkali. Nyakerario alisimama karibu na ukingo, gunia likiwa bado begani, akalitafuta bonde kwa macho, kipande kwa kipande, kama mtu anayetafuta mtoto katika umati. Kisha panga likainuka likaelekeza chini, kwenye bati dogo la nyumba yake lililong'aa katikati ya mawe.

"Kumbe tunaonekana," alisema.

Akalishusha gunia, akaketi.