Pumzi ya Shangazi

Uliisikia. Usinigeuzie uso. Juzi redio ilipopiga wimbo wa marehemu shangazi yangu, wakijisifu kwamba maktaba ya sauti imeusafisha upya, ulijua kuna kitu kimeng'olewa. Ukaongeza sauti, ukaendelea kupiga pasi.

Mimi ndiye niliyekuwa mfagizi wa studio siku wimbo ule uliporekodiwa, na sijasahau hata rangi ya blanketi. Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu. Fundi mitambo, tuliyemwita Sikio, alimpa kila mtu alama ya chaki sakafuni: mpiga ngoma kule mlangoni, ngoma yake imekaa juu ya blanketi la kijani, wa tarumbeta pembeni, uso ukutani kama aliyeadhibiwa, shangazi hatua moja kutoka kwenye kipaza, peku, maana viatu vyake vilikuwa vinalia. Naye alikuwa na mimba ya miezi minane. Kabla ya ubeti wa tatu pumzi ikamwishia. Akaivuta, ndefu, ikasikika. Mpiga ngoma akamngoja.

Nilidhani Sikio atawarudisha mwanzo. Wapi. "Kwingine kote walikuwa wanapiga tu," aliniambia baadaye, akinirekodia kaseti yangu. "Hapa walikuwa wanasikilizana."

Jana, Jumanne, nikaibeba kaseti hiyo pamoja na redio yangu ya kaseti hadi maktaba ya sauti. Nikamkuta binti wa kompyuta, na nyuma yake mkuu wake, anayeongea na watu macho yakiwa kwenye simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemnyima shangazi pumzi?"

"Nilitoa kelele tu, bibi. Na ngoma ilikuwa imechelewa, nikairudisha mahali pake."

"Mahali pake ulipajuaje? Ulikuwepo?"

"Mama, watu wanapenda sauti safi," mkuu akadakia.

"Hata shati halifuliwi mpaka vifungo ving'oke, mwanangu."

Nikaiwasha kaseti. Ilipofika kabla ya ubeti wa tatu, binti akaacha kuandika. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akaniomba tena, safari hii kafumba macho.

"Anamngoja," akasema polepole. "Mimi nikaifuta pumzi yake."

"Basi irudishe. Kanda yenyewe iko wapi?"

Akaitazama rafu: kanda mia mbili na kumi, kubwa kama sahani, na ya shangazi imo. Zote, akaniambia, zinatupwa Ijumaa. Kanuni ya maktaba inasema hakuna kanda inayotupwa wala kubakizwa mpaka mtu aisikilize mwanzo hadi mwisho, aandike alichosikia, atie sahihi. Sahihi zilikuwapo tayari, mia mbili na kumi, zote zake.

"Umesikiliza ngapi?" nikamuuliza.

"Hata moja. Niliambiwa nitie sahihi tu."

Akachukua kalamu, akaanza kuzikata sahihi zake, moja baada ya nyingine. Mkuu wake akainua macho kutoka kwenye simu kwa mara ya kwanza.

"Unajua unachofanya?"

"Leo najua, bosi."

Yule bwana akacheka. "Haya. Lori linakuja Ijumaa saa kumi jioni. Kanda itakayokuwa imesikilizwa na kuandikiwa itabaki. Nyingine zinapanda lori. Nataka nione mtampata nani."

Bosi huyo anakutegemea wewe. Ana hakika utasema una kazi.

Leo Jumatano tumesikiliza kumi na tisa, mimi na binti. Ya shangazi imepona. Nilianza na hiyo, sioni haya kusema. Lakini kwenye ya saba kuna mwanamke anacheka katikati ya wimbo, na hakuna aliyeandika popote ni nani. Huenda ni mama yako.

Kanda moja ni nusu saa. Mashine ziko sita, nne zimekaa bila mtu. Masikio yangu ni mawili na moja limechoka. Mlango wa nyuma wa maktaba uko wazi, binti ana ufunguo. Hatutaki salamu za pole. Njoo na kalamu, viatu vinavyolia viache mlangoni, keti, sikiliza, andika, tia sahihi yako ya kweli.

Chomoa hiyo pasi. Sasa hivi.