Mama Kasema Ua

Kiharusi kilimwachia mama mkono wa kushoto na neno moja tu: ua.

Mkwe wake alilielewa siku ileile. Kabla hajaugua, mama aliokota mbegu za ua la porini, la njano, kando ya barabara iliyokuwa ikichongwa, akazipanda nyuma ya jikoni. Ukashika mmea mmoja. Sasa mkwe ndiye aliyeumwagilia, na kitanda alikuwa amekisogeza dirishani ili mgonjwa auone ukichanua. Hakuna kingine mama alichokuwa akikingoja.

Binti yake alikuwa msusi, na alitaka pale nyuma pasakafiwe aongeze viti vya wateja.

"Mama, tulifanyeje hili gugu?" aliuliza siku moja, wateja wakisikia.

"Ua," mama akajibu, macho yakimng'aa.

"Mmemsikia wenyewe. Kasema ua. Na mimi mama yangu simbishii."

Wateja walicheka mpaka vichwa vikawa havisukiki. Tangu hapo ukawa mchezo wa kila siku, na kila siku mama alijibu kwa bidii, akidhani safari hii ataeleweka.

Mkwe alimfuata wifi yake jikoni, akamsihi aache. Alijua vizuri mama alimaanisha nini.

"Wifi, mimi nimenyonya pale," msusi akamkatiza. "Wewe umekuja na begi. Leo unifundishe maneno ya mama?"

Asubuhi moja tumba la kwanza lilipasuka, njano ikachungulia. Mkwe alimwinua mama, akamwegemeza kwenye mito. Mama akanyoosha mkono wake mzima kuelekea dirishani.

"Ua," alisema polepole, kama anayemwita mtoto.

Nje, msusi alikuwa amemaliza kuchovya ncha za rasta za mteja kwenye maji ya moto. Ndoo bado ilifuka mvuke. Alimtazama mama, akatabasamu.

"Nimekusikia, mama."

Akaimwaga yote shinani.

Majani yalinywea palepale kama mboga sufuriani. Safari hii hakuna aliyecheka. Mteja mmoja alijifanya anatafuta kitana. Msusi akaja dirishani na ndoo tupu.

"Haya, mama. Tufanye nini kingine?"

Mama alimkazia macho. Midomo ikajikusanya, ikatetemeka, kisha akaifunga.

Mkwe alimbembeleza siku nyingi alitamke tena neno lake, hata mara moja. Hakulitamka.

Saruji ilipokauka na viti kupangwa, msusi aliwalalamikia wateja kwamba mama siku hizi hana hata utani.