Nusu Tamu ya Utafiti

Jino la fundi cherehani halikung'olewa. Lilijitoa lenyewe, likabaki kwenye pamba kama punje ya hindi. Daktari wa meno aliziangalia fizi zilizovimba, na ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, uliojijenga chini yake.

"Si nilikuambia urudi nikusafishe?"

"Nilikuwa nameza vile vidonge vya maganda ya machungwa," fundi alisema, kiganja mdomoni. "Dada yako anavisifu redioni kila asubuhi. Anasema wewe ndiye uliyevithibitisha."

Maneno yale yalimkata maini daktari. Alikuwa amethibitisha nini? Utafiti wake ulikuwa wa wagonjwa wachache, kwa majuma machache. Wote walikwanguliwa ugaga kwanza. Kisha baadhi wakapewa vidonge vya flavonoidi, viini vinavyopatikana kwenye maganda ya machungwa, na wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Fizi za wote zilipata nafuu. Za wale wa flavonoidi zilitoka damu pungufu kidogo. Aliandika hivyo hivyo, pamoja na mashaka yake. Dada yake akachukua nusu tamu, ile chungu akaitema. Naye alizisikia sifa zile akanyamaza, kwa kuwa dada ndiye aliyemlea, na moyoni, kwa nini afiche, zilimpendeza.

Asubuhi iliyofuata alikwenda studio. Dada yake alimpokea kwa kicheko, akamvalisha vipokea sauti kwa mikono ile ile iliyomsuka nywele utotoni.

"Dada, nina neno kabla hatujaanza."

"Utalisema hewani, mdogo wangu. Nchi nzima imetega sikio." Taa nyekundu ikawaka. "Wasikilizaji, leo nimewaletea mwenyewe! Haya daktari, waambie: vidonge vinatibu fizi, havitibu?"

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alimwashiria aongee.

"Havitibu," alisema.

Kicheko cha dada kikakatika.

"Vinaweza kusaidia kidogo, kwa mtu aliyekwisha kusafishwa meno. Hata hicho kidogo tumekiona kwa watu wachache; hatujui kama kitadumu. Anayevimeza ili asije kusafishwa, fizi zinaendelea kuoza huku akijiona salama. Jana nimemhudumia mmoja. Amepoteza jino."

Dada akabonyeza kitufe, wimbo ukaingia.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Ningekuvulia wapi, dada? Maneno yalisemwa hapa."

"Ungenipigia simu!"

"Ni kweli, ningekupigia. Tangu siku ile ya kwanza." Hakuangusha macho. "Niliogopa kukuudhi. Leo pia naogopa."

Dada alimtazama kama mtu anayemkagua mgeni mlangoni. Simu za studio zilianza kulia, moja, nyingine, zote. Fundi mitambo aliinua mabega: wimbo unakwisha.

Dada akainua mkono wa simu moja, akasikiliza.

"Ni mama mmoja," alisema. "Anauliza, fizi zikitoka damu, aanzie wapi."

Dada hakujibu mwenyewe. Akausogeza mkono wa simu juu ya meza, taratibu, akauacha katikati yao.